Hema Jepesi la Watani Wawili

Fito za hema zilikatika zote mbili kwa mpigo, na kitambaa kikawaangukia usoni, kizito kwa maji.

"Zipu iko wapi?" Muhsini alipiga kelele.

"Upande wangu. Toka kwa miguu, bwana, kichwa baadaye!"

Walitoka wakitambaa. Jua lilikuwa halijazama, ila mvua ilikuwa imelifuta. Kijito walichopiga kambi kando yake kilikuwa kimepanda hadi mlangoni, na kilikuwa kimeondoka na unga pamoja na viatu vya Muhsini. Fulgence aliliburuta hema, akanyakua mkoba wa nta, wakapanda kilima hadi chini ya jabali lililoinama.

Walikuwa ndani kabisa ya pori, mbali na barabara ya Namtumbo, wakitafuta miti ya kuchongea na kutundikia mizinga. Fulgence alikuwa Mngoni wa Msamala, mfuga nyuki. Muhsini alikuwa Myao wa Tunduru, mwenye mikorosho yake, aliyetaka naye kuonja biashara ya asali. Kama Wangoni na Wayao wengi, walikuwa watani. Babu zao walipigana mikuki. Wajukuu wakarithi ruhusa ya kutukanana mchana kutwa bila mtu kununa.

Hema walilinunua kwa muuza mitumba Songea mjini. Yalikuwepo mawili, yote ya watu wawili. Moja lilikuwa na sakafu nene na kifuniko kinachofika chini. Jingine lilikuwa jepesi ajabu, darini ni wavu mtupu, na kifuniko chake kiliishia juu kama kofia ya mtoto. Fulgence alilining'iniza hilo jepesi kwa kidole kimoja.

"Tunachukua hili. Mgongo wa kulibeba ni wangu."

Muhsini aliifikicha sakafu yake. "Mngoni, mvua ikinyesha humu tutalala kama kambale. Mimi baridi hainitaki. Mwaka juzi kichomi nusura kinimalize. Utanizika wewe."

"Nikuzike mara ngapi? Ubani wako nitaula peke yangu! Myao mzima anaogopa umande!"

Muuzaji alicheka hadi akashika meza. Muhsini naye alicheka. Angefanya nini? Mtani hakasiriki. Fulgence akalipa, roho nyeupe kabisa.

Sasa chini ya jabali roho ile haikuwa nyeupe tena. Muhsini alitetemeka hadi meno yakagongana. Kisha akaacha kutetemeka, na hapo ndipo Fulgence alipoogopa.

"Nasikia joto," Muhsini alisema kwa ulimi mzito, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Acha! Hakuna joto hapa!"

Mikono ya Muhsini ilikuwa baridi kama jiwe walilokalia. Aliniambia, Fulgence aliwaza. Aliniambia kwa Kiswahili cha wazi, nami nikaligeuza utani ili kuuhurumia mgongo wangu.

Aliufungua mkoba. Nta ilikuwa ya kupaka mizinga mipya ili nyuki wavutike. Bila nta safari yote ilikuwa bure. Kiberiti kilikuwa katikati ya nta, kikavu. Alichana shati lake, akalisokota na nta, akachokonoa kuni zilizooza kwa ndani kwenye ufa wa jabali. Njiti zilizimika moja baada ya nyingine. Hatimaye moja ikashika. Aliilisha nta yote, donge baada ya donge, bila kusita.

Akamvua Muhsini nguo zilizolowa, akamkumbatia kifua kwa mgongo, akajifunika naye kitambaa cha hema.

"Nitukane, Myao. Tukana ukoo mzima."

Muhsini hakumtukana. Fulgence alilia, akiwa amemkumbatia hivyo hivyo, na hakujificha.

Kulipopambazuka mvua ilikatika. Fulgence alimvisha Muhsini nguo zilizokaukia motoni, akamnywesha maji yaliyotuama kwenye mkunjo wa hema, kisha akalifanya hema lenyewe mbeleko, akamfunga mtani wake mgongoni. Miguu ya Muhsini iliburuza majani.

"Kijito..." Muhsini alinong'ona. "Kifuate."

Alikifuata. Alianguka, akaamka, akaanguka tena kwa magoti. Mabega yalichubuka, damu ikalowesha fulana, na hakutaka hata kidogo maumivu yale yapungue. Jua lilipokuwa utosini pua yake ilinasa moshi mkali wa tumbaku, na mbele, kwenye ukingo wa shamba, lilisimama banda la kukaushia likifuka moshi. Mama mtu mzima alikuwa mlangoni na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo uliyembeba ni mzima?"

"Mzima. Namwomba Mungu abaki hivyo."

Jina lake Kunegunda. Hakuuliza zaidi. Aliwaingiza ndani, chini ya majani yaliyoning'inia, karibu na moto, akampa Muhsini uji kijiko kwa kijiko, akamtuma mtu kwenda kuita bodaboda.

Jioni Muhsini alifumbua macho yenye akili.

"Nisamehe," Fulgence alisema. "Siku ile mjini hukuwa unatania."

Muhsini alilitazama hema lililochanika, kisha mabega ya mwenzake. "Nusu nilikuwa natania. Ungeuliza tu nusu ipi." Akakohoa, akavuta pumzi. "Mngoni."

"Naam."

"Nasikia baridi."

Kunegunda, aliyekuwa akijifuta jasho kwa khanga, aliangua kicheko. "Huyu naye! Humu tumbaku yenyewe inaiva!"

Pembe ya mdomo wa Muhsini ilichezacheza. Fulgence aliiona, lakini hakucheka. Aliinuka, akachukua khanga kavu kambani, akamfunika hadi shingoni, kisha akaenda kuongeza kuni.