Pumzi ya Pepeo

Magharibi ile nilimpelekea mwanangu chakula kazini, kama kawaida yangu. Binti yangu ni fundi wa vitu vya kale. Wenzake walimwita Sindano, maana mikono yake ilipenya pasipopenya uzi.

Nilimkuta ameinamia pepeo la mkononi, la hariri, mbavu zake za mfupa. Hariri ilikuwa kavu kama ganda la kitunguu. Ukilikunjua kwa nguvu, limekwisha. Kwa hiyo kila mkunjo aliulainisha kwa pumzi yake. Haaa… anasubiri. Haaa… anafungua kidogo. Ndivyo mafundi wa pale walivyorithishana.

"Mama, usinikoholee hapo! Utanifukuzisha kazi."

"Kula kwanza. Umekonda mpaka kivuli chako kinakuzidi unene."

Akacheka. Kicheko kikakatika katikati, kama cha mtu aliyepanda mlima.

"Mwenye pepeo hili ni nani?" nikamuuliza.

"Mama mmoja tu. Eti marehemu bibi yake alilikunja huku anakata roho, akakataza lisifunguliwe. Watu na mambo yao!"

Hapo nikasikia harufu. Si ya hariri… Ya kinywa cha mgonjwa.

"Liache, mwanangu."

"Umebaki mkunjo mmoja, mama. Nikiliacha hivi litapasuka."

Haaa…

Mkunjo ukafunguka. Mwanangu hakuvuta pumzi tena.

Pepeo likavuta.

Kwa macho yangu haya niliziona mbavu zikipanda, zikishuka. Pale mezani. Hakuna mkono, hakuna upepo. Nikalishika nilikunje… midomo ya mwanangu ikageuka majivu. Nikaliachia upesi. Likapanda, kifua chake kikapanda. Likashuka, kikashuka.

Mwenye pepeo hakurudi kulichukua.

Sasa mwanangu amelala chumbani kwangu, macho wazi, hasemi. Pepeo liko ubavuni pake. Daktari kasema ni kiharusi. Haya, waliosoma ni wao. Lakini hariri imeanza kupasuka kwenye mikunjo, na kila uzi ukikatika, mwanangu anakwama kama mtu anayezama. Nimewaita mafundi wenzake. Waliishia mlangoni.

"Bibi, tusamehe. Hilo hatuligusi."

Mama hafanyi kinyaa. Naliinamia mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo. Haaa… Likilainika, naye anatulia. Kesho yake limekauka tena, na mpasuko umeongezeka.

Jana jioni nilipuliza kibatari kwa pumzi yangu yote nikizime.

Moto haukutikisika.