Sauti Isiyofika Jikoni

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Tusekile ilikuwa kumpelekea babu yake chakula. Mama alipakua ndizi na maharage, akafunika bakuli kwa jani la mgomba, kisha akasimama mlangoni mwa jiko kumtazama bintiye akikatiza migombani hadi nyumba ya pili. Yeye mwenyewe hakwenda. Mzee Abrahamu alikuwa baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa wa vilima vile mke hasogei karibu na baba wa mumewe, hamtazami usoni wala hasemezani naye. Wakielekea kukutana njiani, mama alijitosa vichakani mpaka mzee apite. Haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima. Wakristo wenzao kadhaa walikwisha kuilegeza desturi hiyo, lakini wawili hawa walikuwa wameishika kwa muda mrefu mno, hata hakuna aliyejua aanzie wapi kuiacha.

Mwaka ule wa 1957 mzee aliugua kifua. Sauti iliyokuwa ikiongoza nyimbo kanisani ilififia, ikabaki mnong'ono. Mwanawe Andendekisye, baba yake Tusekile, alikuwa fundi wa redio mjini Mbeya. Aliomba ruhusa kazini akaja kumuuguza.

"Mke wako amenilisha tangu mama yako afe," mzee alimwambia. "Shukrani zangu humfikia kwa mdomo wa mtoto. Nataka anisikie mimi mwenyewe kabla sijaondoka. Lakini sauti yangu haivuki hata mlango huu."

"Nitaivusha mimi, tata, baba yangu," alijibu Andendekisye.

Akaanza kazi siku hiyo hiyo. Kwa chaki, juu ya mlango wa zamani uliolazwa uani, alichora njia za umeme, akafuta, akachora tena. Alikuwa akibuni amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti, kwa kutumia taa za kioo alizozitoa katika redio mbovu. Mzee angesemea maikrofoni kitandani, na spika ingekuwa jikoni kwa mama. Mara ya kwanza sauti ilitoka kubwa lakini imepasuka, kama ya mtu anayesemea ndani ya debe. Andendekisye hakukata tamaa. Alimwita Tusekile, maana alipenda kumfundisha, naye binti alipenda kusifiwa kuwa mwerevu.

"Sauti ikikuzwa huharibika njiani," alimweleza. "Kwa hiyo naichota kidogo pale inapotokea, nairudisha pale inapoingilia ikiwa imegeuzwa. Ikifika pale inapinga lile lililoharibika, na mtambo unajisahihisha."

Akamwonyesha waya mbili zinazofanana zilizotoka kwenye transfoma ya spika. Zisibadilishane nafasi, alionya. Zikibadilishana, kinachorudi hakitapinga tena, bali kitaongeza juu ya kuongeza mpaka mtambo upige yowe. Alizisokota tu mahali pake, kwa kuwa risasi ya kulehemu ilikuwa imemwishia. Alipojaribu tena, sauti ilitoka safi kabisa. Wakakubaliana kwamba mzee angesema Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Jumamosi baba alikwenda kutafuta betri mpya. Tusekile, kwa kujidai, alimwita rafiki yake Damari aje aone maajabu. Alimweleza hiki na kile, akageuza mtambo amwonyeshe na upande wa nyuma, na zile waya mbili zikachomoka pamoja. Damari alimuuliza ipi inakwenda wapi. Tusekile alisema anajua. Hakujua. Alizirudisha kwa kubahatisha, akajiambia kwamba atamweleza baba akirudi. Baba alirudi akiwa na furaha, akiimba njia nzima, na Tusekile akaona haya kumkatisha. Akaenda kulala na siri yake.

Jumapili mama alikaa jikoni juu ya kigoda, amevaa nguo yake ya kanisani, macho kwenye spika. Tusekile alimshikia babu maikrofoni. Baba akawasha, na spika ikatoa yowe kali lililowatawanya kuku uani. Alizima. Aliisogeza spika mbali, akabadilisha taa, akapima betri. Alikagua kila kitu isipokuwa zile waya, kwa sababu alizifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kila alipowasha, yowe lilirudi.

Tusekile alijua. Aliendelea kuishika maikrofoni. Baba hakuwa mkali. Binti aliogopa tu kwamba asingeitwa tena mwerevu. Hatimaye mzee alichoka. Baba alimwomba apumzike, wajaribu tena kesho. Hapo mzee akaisogelea maikrofoni iliyozimwa, akasema maneno machache ambayo Tusekile peke yake aliyasikia. Kulipopambazuka, Mzee Abrahamu alikuwa amekufa.

Wanawake walilia, wanakwaya waliimba, na mama alisimama karibu na baba mkwe wake kwa mara ya kwanza, mzee akiwa tayari ndani ya jeneza. Wageni walipoondoka, Tusekile alimkuta baba ameinama tena juu ya mtambo.

"Nilikosea mahali," baba alisema kwa huzuni. "Nimeshindwa kumtimizia baba yangu jambo moja aliloniomba."

Tusekile hakuweza kustahimili. Alipiga magoti akaeleza yote, hata kwamba babu alisemea maikrofoni iliyozimwa. Baba aliuvuta mtambo karibu. Alizibadilisha waya zile, ikawa kazi ya kufumba na kufumbua, akawasha, akavuta pumzi mbele ya maikrofoni. Pumzi yake ikasikika jikoni, laini, bila yowe. Ndipo machozi yakamtoka.

Mama, aliyekuwa amesikia yote akiwa mlangoni, alikuja akakaa nao. "Mzee alisema nini?" aliuliza.

"Alisema, 'Ndaga, mkwe wangu. Asante. Umenitunza kama binti niliyemzaa,'" Tusekile alijibu.

Mama alifunika uso kwa kanga, akalia kwa muda mrefu. Baba akamwinua Tusekile.

"Kuchomoa waya ni kosa la mkono," alisema. "Hata mimi nimeunguza mitambo mingi. Lakini mtambo hujisahihisha kwa kile kinachorudishwa, na wewe hukunirudishia kitu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku nyingine ukikosea, sema wakati kosa bado linatengenezeka."

Tusekile aliitikia kwa kichwa. Mama akamvuta kifuani, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Maneno yake umenifikishia. Lakini sauti yake sitaisikia tena."