Asante, Ujumbe Wako Umetumwa

Walikutana Makutano, mjini Meru, mchana wa soko, Kagwiria akipigania gauni la harusi ambalo upepo ulitaka kulitupa chini ya lori la vitunguu. Njagi akalidaka. Alikuwa mrefu, mwenye shati la buluu lililopigwa pasi likakubali, na mdomo usiojua kunyamaza.

"Madam, bibi harusi ametoroka?"

"Gauni ni la kukodisha. Lete, utalichafua."

"Na mwenye gauni naye anakodishwa?"

Loo, adabu gani hizo! Kagwiria alitaka kumfokea, akajikuta anacheka. Miezi haikupita mingi, Njagi, fundi wa tovuti kutoka Embu, akamtengenezea tovuti ya duka lake la kukodisha magauni, yenye fomu ya kuagizia magauni. Namba ya simu Kagwiria alikataa isiwekwe.

"Wanaume wa huku watapiga kuuliza bei ya mwenye duka. Kama wewe."

"Mimi sikuuliza bei, dear. Niko tayari kulipa tu."

Ikafika Jumamosi ambayo wazee wa Njagi wangekuja kumposa Kagwiria kwao. Mama alipika mukimo, mbuzi akachinjwa, shangazi wakajaa. Saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Simu ya Njagi haipatikani. Baba akavua koti lake jipya, akasema polepole, "Huyo asikanyage hapa tena." Kagwiria aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Akaifungia namba ya Njagi, akaapa hatamtafuta.

Wiki tatu baadaye mteja alimjia dukani akiwaka moto: alijaza fomu akaagiza magauni sita, hakujibiwa. Kagwiria akaijaribu mwenyewe. "Asante, ujumbe wako umetumwa," tovuti ikasema. Kwenye barua pepe yake hakikuingia kitu. Kumbe hata kazi ya Njagi ilikuwa uongo! Akavaa sketi yake nyekundu, akateremka Embu kumtolea yote yaliyomjaa kifuani.

Alimkuta ofisini amekonda, ndevu zimemwota ovyo.

"Umefuata nini?" Njagi aliuliza.

"Nywila ya tovuti yangu. Fomu yako haitumi."

"Inatuma. Nimekuandikia humo mara tatu, ukaninyamazia."

"Umeniandikia nini?"

Njagi alimtazama, kisha akafungua kompyuta. Akasoma rekodi za sava, ile mashine inayotuma barua za tovuti, mstari baada ya mstari: imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nimefanya nini?"

"Njagi, sema!"

"Fomu inaandika anwani ya mteja kana kwamba yeye ndiye mtumaji. Sava hii tumeikodi wenye tovuti wengi pamoja, na barua isiyobeba anwani ya tovuti yenyewe wenye sava wanaikataa. Na mimi, mjinga, niliandika programu ya fomu iseme asante bila kuangalia kama barua imetoka."

Nakala za ujumbe zilikuwa zimehifadhiwa kwenye tovuti. Kagwiria aliinama akasoma. Ya kwanza ilikuwa ya Ijumaa ile, siku moja kabla ya posa.

"Mpenzi, baba ameanguka, tuko hospitalini. Simu imeibiwa wodini na namba yako sikuikariri. Niombee radhi kwa wazazi, kesho hatutaweza."

Ya pili, Jumapili: "Baba ametuacha."

Ya tatu: "Tunamzika Alhamisi. Njoo tu, hata kama hutaki kunijibu."

Kagwiria akakalia kiti bila kukitazama.

"Ulimzika baba yako bila mimi?"

"Kila gari lililoingia nilikuwa nageuka. Nikasema, basi, amenikataa kwenye msiba."

"Na mimi nikasema umenikimbia mbele ya ukoo wangu! Aki Njagi, nisamehe."

"Kosa ni langu, mrembo wangu. Ni langu."

Kagwiria alimpigia baba yake, akamweleza yote. Mzee akauliza:

"Amezikwa?"

"Ndiyo, baba."

"Na sisi hatukufika?" Sauti ya mzee ilikwaruza. "Nikamfukuza mtoto wa watu akiwa na maiti ndani! Mpe simu."

Njagi alisimama wima. "Naam, mzee."

"Wazee wako wasihangaike kupanda huku. Jumamosi sisi ndio tunakuja kumpa mama yako pole. Na lile neno mlilotaka kutuambia, tutalisikilizia hapo kwenu."

"Lakini mzee, posa haisemewi kwa mwanamume. Mila..."

"Ya mila nitajibu mimi. Wewe mwambie mama yako tuko njiani."

Njagi alirudisha simu, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kagwiria akaketi naye hapo chini, na sketi yake nyekundu, akamshika.