Mzee Frane Aliyefukiwa Mara ya Pili

Jamani, sogeeni niwaambie ya nyumba moja hapa kwetu mjini Split, mtaa wa Varoš. Na ninyi wenye vipaji sikilizeni vizuri, maana yanawahusu kuliko wengine.

Katika nyumba hiyo, kila alasiri, Ljerka alipomaliza kupika alifunga madirisha ya mbao, jiko likawa giza. Mumewe Vjeko, mpaka rangi wa karakana ya meli, akishanawa mikono aliwasha projekta juu ya meza, kati ya mkate na chupa ya siki. Pale ukutani akatokea Mzee Frane, babake Ljerka, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Amesimama chini ya mzabibu wa uani, anageuza dagaa kwenye makaa. Anainua uso, anafuta mikono kwenye suruali, anasema neno. Filamu haikuwa na sauti, lakini mjane wake, Bibi Kata, alilisikia.

"Nakuja, Frane, nakuja! Ananiita, chakula tayari."

Kisha akala, tena akala vizuri, supu na mkate wake.

Bibi Kata alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Alimwita binti yake Ljerka kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Ukimpa chakula alikaza midomo: "Mimi sili kabla ya mume wangu." Daktari alishasema asipokula hatadumu. Ni Vjeko aliyekumbuka ile filamu, aliyoipiga mwenyewe kwa kamera yake ndogo, na siku ya kwanza alipoiwasha, Ljerka alilia kwa furaha. Siwafichi, alikuwa mume mwema. Ndiyo maana nayasimulia haya kwa uchungu.

Sasa Vjeko alikuwa mwenzetu katika klabu ya filamu. Mimi Perina nipo humo tangu usichana wangu. Hatukuwa watu wa sinema za mapenzi na bastola, la. Sisi tulipiga picha ukuta mpaka kivuli kikahama. Tulikwaruza filamu kwa sindano, tukaipaka rangi ya kucha, mmoja wetu aliichemsha yake kama tambi. Majirani walitutania, "Leo mmepiga picha gani, ya hewa?" Nasi tukawajibu, "Ya hewa, na imetoka vizuri kuliko sura yako."

Mjue jambo moja: filamu zetu hazikuwa na nakala. Ukanda uliotoka kwenye kamera ndio huohuo unaopita kwenye projekta. Ukiharibika, basi, umekwenda. Vipande vilivyobaki baada ya kukata tulivitupa kwenye sanduku tuliloliita sanduku la yatima, na sheria ya klabu ilisema kilichomo humo hakina mwenyewe. Yeyote achukue, achome, akwaruze, afanye apendavyo.

Mwaka ule Vjeko alipata tuzo kwenye tamasha la Belgrade kwa filamu ya mnyororo wa nanga unaoota kutu. Alirudi amebebwa juujuu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alisifiwa mpaka masikio yakawa mekundu. Akawa anatoka kazini moja kwa moja hadi klabu, nyumbani akirudi kulala tu. Ljerka akajifunza mwenyewe kuwasha projekta. Hakulalamika.

Kisha Vjeko likamjia wazo jipya. Alichukua vipande vya sanduku la yatima akavifukia katika ua wa klabu, akavimwagia maji, ili udongo uile rangi yake. Alipovifukua na kutuonyesha, mwenyekiti wetu Srećko, mtu mwenye ulimi mkali, alikuna kidevu.

"Zimeoza vizuri, Vjeko. Lakini aliyeoza ni nani? Simjui, kwa hiyo simlilii."

Maneno yale yalimchoma kama mwiba. Kesho yake akafungua droo ya jikoni kwake, ilimokaa ile filamu.

Ljerka alipoiulizia filamu, alimjibu, "Nimeipeleka kusafishwa. Ilijaa vumbi."

"Itarudi lini?"

"Itarudi. Acha haraka."

Bibi Kata alikaa mbele ya ukuta mtupu, akakaza midomo. Ljerka akambembeleza, akamwimbia, akajaribu hata kuvaa kofia ya babake. Wapi! Maziwa kidogo, basi. Shingo ya yule bibi ikawa nyembamba, pete ikawa inamvuka kidoleni.

"Vjeko, mama hali," alimwambia mumewe mlangoni.

"Atakula akisikia njaa."

Oneni, ndugu zangu! Mtu aliyemkumbukia mkwewe filamu ndiye aliyesema hivyo. Sifa zikishapanda kichwani, huruma haina pa kukaa.

Siku ya kuonyesha filamu mpya ukumbi wetu wa chini ya ardhi ulijaa. Ljerka alikuja, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mama, alikuja naye. Mimi nilikaa karibu yao. Taa zikazimwa.

Kwanza madoa ya kijani, kama ukungu juu ya jibini. Kisha, katikati ya madoa, mkono unageuza dagaa. Uso ukainuka, ukaanza kuliwa na weusi kutoka pembeni. Mdomo ulifunguka kusema lile neno na hapohapo ukayeyuka. Pakabaki weupe.

Tulipiga makofi. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Srećko alisimama akapiga kelele, "Huyu sasa namlilia!"

Katika makofi yale nikasikia sauti nyembamba pembeni yangu.

"Frane! Mmempeleka wapi mume wangu? Hajamaliza kusema!"

Bibi Kata aliinuka akaenda mbele, akawa anapapasa pazia la picha kwa viganja viwili. Makofi yakakatika. Ljerka hakupiga kelele. Alimwendea mumewe penye projekta.

"Ndiyo hii uliyoipeleka kusafishwa?"

"Ljerka, nisikilize. Niliipiga mimi. Kamera ni yangu, filamu ni yangu..."

"Kamera yako. Baba yangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Tulimzika mara moja, Vjeko, tukiwa na padri. Wewe umemfukia mara ya pili, na safari hii unamfukia pamoja na mama."

Akamshika mamake mkono, wakatoka. Vjeko aliketi sakafuni kama gunia. Hapo ndipo akili ilipomrudia, na akili ikichelewa huja na kilio.

"Niliihesabu kama ya sanduku la yatima," alisema. "Mwenyewe amekufa, nikaona haina mtu. Perina, nimemuua mkwe wangu kwa ajili ya makofi."

"Hujamuua bado," nikamwambia. "Inuka, acha kujililia."

Ni Srećko aliyegutuka. "Hebu ngojeni. Frane huyu ndiye yule mzee aliyeniharibia filamu yangu ya soko la samaki?"

Wote tukatazamana. Naam, ndiye! Marehemu hakuweza kuona kamera akapita kimya. Ukipiga picha ukuta, yeye huyo anakuja kuchungulia unatazama nini. Tulimlaani jinsi gani, masikini! Kwangu alikatiza mbele ya ngazi nilizokuwa nikizipiga picha asubuhi nzima. Kwa mwingine alisimama kwenye mvua akiuliza saa. Tulikuwa naye makabatini mwetu, na hakuna aliyejua kwamba ana hazina.

Lakini kumtoa kulitaka mkasi. Mkifahamu kwamba hatukuwa na nakala, mtajua tulichokuwa tunakata. Srećko alishika ile filamu ya soko, kazi bora ya maisha yake, akasema tu, "Kata hapa, Perina, nisije nikaghairi." Nami nilikata zangu. Vjeko ndiye aliyekuwa wa mwisho. Katika filamu ya mnyororo, aliyoipiga mzee angali hai, mwishoni kabisa uso wa Frane unaingia ghafla, unakaribia mpaka pua inajaa pazia. Waamuzi wa Belgrade walimpa tuzo kwa ajili ya kipande kile. Alikikata, tukaunga vyote kwa gundi.

Alasiri ya siku iliyofuata alikwenda kwake, akabisha hodi mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ljerka alimtazama, akatutazama sisi nyuma yake, kisha akafunga madirisha ya mbao.

Frane akapita sokoni. Frane akapanda ngazi. Frane akanyeshewa. Bibi Kata alitazama, midomo imekazwa. Nilidhani tumeshindwa. Mwisho ukaja uso ule, unasogea, unasogea, macho yanatutazama sote.

"Rudi nyuma, mzee, utagonga pua!" Bibi Kata akacheka. Sote tukashtuka, maana kicheko chake hatukukisikia siku nyingi. "Umezurura mji mzima, na mvua yote hiyo. Haya, keti tule."

Akafumbua mdomo. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Vjeko, na kwa haraka yake supu ikamwagika mezani. Ljerka akamshika kifundo cha mkono kumtuliza, wakamlisha pamoja.

Bibi Kata aliishi mpaka zabibu zikavunwa tena. Lile neno la pale penye makaa hakulisikia tena, nalo hatuwezi kulirudisha, hata tukikata filamu zote za dunia.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kipaji si dhambi. Mimi mwenyewe bado napiga picha kuta zangu, na wanaocheka na wacheke. Lakini sifa ni kama pombe: anayekumiminia hayupo asubuhi unapoumwa kichwa. Mkeo, mumeo, mzazi wako, hao ndio wapo. Usiwape mabaki ya siku yako. Na usidhani kitu cha nyumbani hakina mwenyewe kwa sababu umekitengeneza wewe. Kabla hujakitoa kwenye droo ukakifanye sanaa, uliza kwanza ni nani anayekula kwa kitu hicho.