Kitufe cha Kuachia

Ukumbi wa maonyesho ulifurika watu. Fundi cherehani, na gauni lake la kijani lenye marinda, alisukumwa hadi mbele ya kioo kipana cha kompyuta. Ndani yake kilining'inia kitambaa. Ukikivuta kwa kidole, nacho kinavutika papo hapo; ukibonyeza kitufe cha ACHIA, kinaanguka.

Alivuta, akacheka. "Kaka, hiki kitambaa au turubai?"

"Dada, miezi saba nahangaika nacho!" alilalamika kijana aliyekitengeneza. "Sogeza hapo penye ULAINI."

Alisogeza. "Bado. Kikikatwa mshazari, kwa kukingama nyuzi, hakianguki hivi. Au hujawahi kushika sketi?"

"Ya nani?"

Wote wawili wakaangua kicheko.

Tangu siku hiyo wakaitana fundi mwenzangu. Kila Jumamosi mwanamke alimpelekea kijana vipande vya hariri, wakavinyonga na kuvitupa mezani hadi kile cha kwenye kioo kikajifunza kulala. Mapenzi yakaingia bila hodi.

Adhuhuri moja mwanamke alimpigia simu. "Mpenzi, mjomba kaniletea mchumba. Anataka jibu leo hii. Niseme nina wangu, au nikuachie?"

Kelele za ofisini zikavuma, kisha sauti ya kijana, wazi kabisa: "Achia! Achia tu!"

Mwanamke akakata simu. Iliita mara kumi na moja, hakuipokea. Jioni alimwambia mjomba, "Nimekubali."

Wiki tatu baadaye kijana alimfuata kwenye cherehani yake, mashavu yamembonyea, tableti kwapani.

"Fundi mwenzangu, nimekukosea nini?"

"Si ulisema nikuachie?"

"Mimi? Nilimwambia mwenzangu wa ofisini, tulikuwa tunapima kitambaa kinavyoanguka, kilikuwa mkononi mwake! Simu nimeibana begani, hata ulichouliza sikukisikia."

Mwanamke akautoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Basi kamwambie mjomba," kijana alisihi. "Leo."

"Nimeshatoa neno mbele ya Mungu na wazee." Alijifuta macho kwa ncha ya utepe wa kupimia. "Lingekuwa gauni, mpenzi, ningelifumua."

Kijana aliiweka tableti mezani, katikati ya vipande vya nguo. Chini ya ULAINI palikuwa na kitu kipya cha kusogeza: MSHAZARI. Alikuwa amekiweka kwa ajili yake. Akakisogeza hadi mwisho, akaishika ncha ya kitambaa kwa kidole, akaivuta juu, akabaki ameishikilia. Hakutaka kubonyeza kitufe.

"Achia," mwanamke alimwambia taratibu, na safari hii alikuwa akimwambia yeye.

Kitambaa kikaanguka, kikalala vizuri, kama cha kweli.