Bango la Vigoda vya Mpingo

Kila akitoka shule, Flaviana hupitia karakana ya baba yake, Chang'ombe, kufagia unga wa mbao. Mzee Polikarpo ni mchongaji. Kiingereza hakijui, lakini binti yake wa darasa la saba huongoza darasa zima kwa somo hilo, na kila mteja ameshaambiwa.

Mzee Polikarpo alipopata nafasi kwenye maonyesho ya kazi za mikono, alimwomba Flaviana maneno ya bango. Flaviana hakufikiri mara mbili. Akitaka kusema baba yake huuza vigoda vizuri vya mpingo, aliandika, "Carved from ebony, my father sells beautiful stools." Fundi wa maandishi akayaandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao.

Ijumaa, Mwalimu Mwanabaraka wa Kiingereza aliandika ubaoni, "Running to school, the rain caught me."

"Nani alikuwa anakimbia?" aliuliza.

"Mimi, mwalimu," Mashaka akajibu.

"Sentensi inasema mvua ndiyo iliyokuwa ikikimbia kwenda shule. Maneno ya mwanzo humshika yule anayetajwa mara baada ya mkato. Basi hapo mtajeni mtendaji mwenyewe."

Darasa likacheka. Flaviana hakucheka. Alikumbuka bango lao. Lilisema baba yake ndiye aliyechongwa kwa mpingo.

Njiani alitamani kunyamaza, kwa kuwa baba asingejua kamwe. Kisha akawaona akilini wageni wa maonyesho wakilisoma na kucheka, naye baba akitabasamu, akidhani wanaisifu kazi yake.

"Shikamoo, baba," alisema alipofika karakana.

"Marahaba, mwanangu."

"Bango nimelikosea. Linasema wewe ndiye uliyechongwa, si vigoda."

Mzee Polikarpo aliligeukia bango. "Na majirani wote nimeshawaonyesha," alisema.

"Nisamehe, baba. Nilijiamini mno, hata sikurudia kusoma."

Akaandika upya, "Carved from ebony, these stools are my father's work." Safari hii aliomba simu ya baba, akamsomea Mwalimu Mwanabaraka. Mwalimu akasema sasa vigoda vimekaa mahali pake.

Baba akampa kipande cha msasa, naye akachukua kingine. Wakaanza kuyakwangua maandishi ya zamani pamoja.

"Mie nimeharibu vigoda vingi," alisema Mzee Polikarpo. "Fundi huikagua kazi kabla haijatoka mkononi. Na akigundua ufa, humwambia mwenye kazi mapema, kama ulivyofanya leo."

Jumamosi asubuhi, fundi wa maandishi aliukuta ubao mtupu, safi, ukimsubiri.