Zamu ya Nne Kwenye Nyumba ya Mvuke

Jumamosi hiyo Yeryoma alikuta ndoo imekwisha kujazwa maji ya moto, na kile kicha cha matawi cha kujichapia mgongo kimelowekwa kikalainika. Alishangaa. Kwa Pankrat mwenye kinu hakuna aliyewahi kumfanyia hisani. Hata mbwa walimbwekea kwa uvivu.

Huko kwao zamu ya kwanza ya kuoga kwenye mvuke ilikuwa ya mzee Pankrat na wanawe wa ndoa, Foma na Zakhar. Ya pili ya wanawake, ya tatu ya vibarua. Ya nne haikuwa ya binadamu: aliachiwa jini wa mvuke aoge kwa amani yake. Lakini Yeryoma, mwana wa mkamua ng'ombe, ambaye baba yake alijulikana na kijiji kizima isipokuwa baba mwenyewe, alisukumiwa zamu hiyo tangu utotoni.

"Jini atakuchuna wewe!" Zakhar alizoea kumtania.

"Achune nini, na nyama yote mmeimaliza ninyi?"

Alicheka nao, kisha wivu ukamla maini. Hakuwaonea wivu kwa kinu wala farasi. Mzee alipoita uani, "Mwanangu!" vichwa viwili viligeuka, na cha tatu kikajizuia kisigeuke. Yeye alimwita mzee "bwana", kama walivyomwita wauza shayiri.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Katika ile zamu ya nne, mara nyingine mkono ulimsugua mgongoni, pale ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Alijua desturi: usigeuke, usiitikie, maana aitikiaye huwa wa jini. Hakugeuka. Lakini hakukimbia pia, maana hakuwa na mkono mwingine.

Basi wiki ile homa ilimtikisa mzee akaogopa kufa. Alimwita Yeryoma kando, macho kwenye buti zake.

"Jumamosi utaoga zamu ya kwanza. Mimi na wewe tu. Tukitoka, mbele ya padri, nitakuita unavyostahili kuitwa."

"Na hao wawili, bwana?"

"Watasubiri nje. Wanune wapasuke."

Ndiyo maana, alipoiona ile ndoo, Yeryoma alijiambia mzee ametangulia. Akavua msalaba wake, akautundika kwenye msumari kama kila aogaye, akaingia. Mvuke ulikuwa mzito, hauonyeshi hata kiganja. Akalala kifudifudi kwenye benchi.

Mkono ukaanza kumsugua, polepole.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mzee.

Miaka ishirini na sita! Aliitikia kwa furaha: "Naam, baba."

Kisha akasikia harufu. Mzee Pankrat alinuka tumbaku na unga. Hii ilikuwa harufu ya masizi mabichi na manyoya yaliyoungua, nayo ilizidi kadiri mkono ulivyoshuka mgongoni, na vidole, alipovihesabu kwa ngozi yake, vilikuwa vingi mno, na joto likapanda ijapokuwa hakuna aliyemwagia maji mawe ya moto ya jiko, na ndipo mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Yeryoma! Padri alinichelewesha! Foma, Zakhar, sukumeni! Fungua, mwanangu! Mwanangu!"

Alilisema neno hilo mbele yao. Kwa sauti, mbele yao wote.

Mkono ukasimama, kisha ukamzunguka kifua, mrefu kama kamba ya kisima, ukambana kwenye benchi.

"Umeshaniitikia," kitu kilimnong'oneza sikioni, kwa sauti ya kutaka kulia. "Nani alikuogesha miaka yote? Yeye alikuwa wapi?"

Yeryoma alijaribu kuinuka, akakusanya pumzi zote zilizobaki kifuani, akafungua mdomo apige ukelele wa kusikika hadi kinuni, lakini midomo yake ilibaki wazi na kimya, na sauti yake mwenyewe, changamfu, ya mtoto aliyeshiba, ikatokea kule kwenye mawe ya jiko:

"Baba, kuna mtu anagonga."

"Mwache, mwanangu. Akichoka ataondoka."